Mtu Aliyeshika Wosia wa Baba

Kama angekuwa mwizi tungemweza mapema. Mwizi ana mahali pa kumshikia: atanunua pikipiki, ataezeka nyumba upya, atabadilisha hata namna ya kutembea. Huyu ninayemwandika hakuwahi kula shilingi ya baba yangu. Nauli alijilipia, viatu vyake vilikuwa vilevile mwaka hadi mwaka, na bado ndiye aliyemfanya Mama Mdogo auze shamba lake la michungwa. Nikiwasimulia watu huwa wananiuliza, "Sasa kosa lake liko wapi?" Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Tulimwita Mdhamini. Jina lake lipo, lakini baada ya baba kufariki hakuna aliyelitumia tena, hata wapangaji. Baba aliacha nyumba za kupangisha Mirongo, hapa Mwanza mjini, vyumba vya wafanyabiashara vilivyopangana nyuma ya maduka, na katika wosia wake aliziweka mikononi mwa rafiki yake huyu. Maneno ya wosia ninayajua kwa moyo. Mdhamini azisimamie nyumba. Kutokana na kodi zake amlipe mke wangu matunzo ya kila mwezi, maisha yake yote, ili asihangaike. Naye akishafariki, kitakachobaki wagawane wanangu.

Mke huyo ni Mama Mdogo, mke wa pili wa baba. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mgongo ulionibeba baada ya hapo ulikuwa wake. Watoto wa baba tulikuwa wawili, kaka yangu na mimi. Kaka alikuwa ameshakuwa kijana wakati Mama Mdogo anaingia nyumbani, hakuwahi kumwita mama, na baada ya msiba alimwita "yule mwanamke wa mzee". Mama Mdogo alikusanya vyombo vyake akarudi kwao Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa, kwenye nyumba ya udongo na shamba la michungwa alilorithi kwa baba yake.

Mimi sikukaa kungoja mgawo wa mtu. Nilikwenda Afrika Kusini nikiwa na begi moja, nikaanza kwa kupiga deki kwenye ghala la nyama, nikasoma jioni wakati wenzangu wanakunywa, nikapata stashahada ya ufundi wa mitambo ya baridi. Stashahada hiyo iko ukutani kwenye karakana yangu hapa Nyakato, ndani ya fremu ya kioo, na mteja anaiona kabla hajaniona mimi. Vyumba vingi vya baridi vya samaki unavyoviona ufukweni huku, ukiuliza nani alivifunga, utatajiwa jina langu. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba sikuifuata mali ya baba kwa njaa.

Kabla ya kuwa mdhamini wetu, mzee huyu alikuwa mpima pamba. Alipima katika chama cha msingi cha ushirika miaka mingi, na wakulima wa Kisukuma, ambao hawamwamini mpima yeyote chini ya jua, walimwamini yeye. Baba alipenda kusimulia siku ambayo shemeji yake Mdhamini, kaka wa mkewe, alileta pamba aliyoinyunyizia maji usiku ili ipate uzito. Mdhamini alitia mkono ndani ya gunia, akautoa, akaufuta kwenye suruali.

"Shemeji, pamba yako imeoga," alimwambia mbele ya foleni nzima. "Irudishe nyumbani ikajifute."

Shemeji hakukanyaga nyumbani kwake mpaka mavuno mengine. Baba alicheka kila aliposimulia, na nadhani ni siku hiyohiyo alipoamua nani atashika mali yake. Alichagua mkono usiolegea. Hakufikiria kwamba kuna kazi zinazotaka mkono ulegee kidogo.

Mdhamini alikuwa mfupi, kifua kipana, suti ya kaunda ya rangi ya udongo, kalamu mfukoni ambayo sikuwahi kuiona ikiandika. Mkono wake haukutulia bila kupima. Akikusalimia aliushika mkono wako na kuuinua kidogo kabla ya kuuachia. Akipewa mtoto ampakate alimnyanyua mara mbili, akatamka kilo zake, akamrudisha kwa mama yake. Kuku wa harusi, mkungu wa ndizi, hata Biblia ya kanisani, vyote vilipita kwenye kiganja kile. Alipenda kusema mizani haina shangazi. Na mtu akimletea maneno marefu alimkatiza: "Kwanza toa gunia." Maana yake, punguza uzito wa gunia tubaki na pamba.

Aliniambia hivyo hata mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka Afrika Kusini wiki ileile, nimekwenda kumsalimia kwa heshima, nikamweleza nilikoanzia na nilikofika, na mitambo ambayo hapa Mwanza ilikuwa bado haijaonekana. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Vizuri, mwanangu. Sasa toa gunia." Mkewe akacheka jikoni. Mimi niliaga kwa adabu, maana nilifundishwa kumheshimu mkubwa hata anapokosea.

Aliogopa maji. Mtu aliyeishi maisha yake yote akiliona ziwa kila asubuhi hakujua kuogelea, na melini alikaa ndani katikati, mbali na dirisha, amefumba macho, ameshika magoti. Hata hivyo kila mwezi alivuka kwenda Nansio kumpelekea Mama Mdogo fedha yake mkononi. Nilimwambia siku hizi kuna simu, unabonyeza tu, mama anapokea akiwa shambani.

"Hela ya wosia hairushwi hewani," alisema.

"Mzee, si inafika salama kuliko wewe?"

"Itafika hela. Mimi nani atanifikisha? Marehemu hakuniambia nirushe. Aliniambia nimlipe. Kumlipa mtu ni kumwona."

Maneno kama hayo ndiyo yaliyowafanya watu wampende. Hata mimi nilimpenda, siku zile. Kwenye misiba alilia kuliko wafiwa. Wapangaji hawakuwahi kusikia sauti yake ikipanda. Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mama mwenye watoto, aliyekaa chumbani miezi bila kulipa kwa sababu kazi ilikuwa imekauka, na Mdhamini alipita kila siku akamsalimia, akanunua hata vifungo asivyovihitaji. Kaka alipomwuliza kwa nini hamtoi, alijibu kwamba hakuna mahali wosia unaposema amfukuze mtu. Nikaja kugundua baadaye kwamba huruma hiyo yote ilikuwa ikilipwa na mtu mmoja aliyekuwa ng'ambo ya maji.

Sasa nieleze kosa lake, kwa sababu ni kosa ambalo mtu wa pamba tu ndiye angelifanya.

Katika vyama vya ushirika mkulima alilipwa mara mbili. Alipewa malipo ya kwanza akileta pamba, na pamba ikishauzwa, kama bei ilikuwa nzuri, ziada iligawanywa kwa wote ikaitwa malipo ya pili. Halafu msimu unafungwa. Mizani inarudishwa sifuri, msimu mpya unaanza bila kudai wala kudaiwa. Mdhamini aliyabeba hayo yote akayaweka juu ya nyumba za baba. Miaka ambayo Mirongo ilikuwa inachemka na vyumba vinagombaniwa, alimlipa Mama Mdogo matunzo yake, na kilichozidi hakukiweka akiba. Kila mwisho wa mwaka alikigawa kwa watoto wa marehemu, kaka na mimi, akakiita malipo ya pili. Alijiona anatenda haki. Fungu langu nilimtaka ampe Mama Mdogo.

"Lako ni lako," alisema kwenye simu. "Ukitaka kumpa, mpe mwenyewe."

Nikampa mwenyewe, kila mwaka. Kaka la kwake alilijengea baa.

Kisha wafanyabiashara wa jirani wakahamishwa kupisha ujenzi, wateja wakawafuata, na vyumba vyetu vikaanza kubaki na makufuli nje. Kodi ikapungua hadi nusu, ikapungua tena. Nusu ya fedha ya miaka minono ambayo ingembeba Mama Mdogo kwenye miaka hii mikavu ilikuwa imeshakuwa viti vya plastiki na meza ya pool. Mdhamini alivuka na kile kilichopatikana. Ilipofika hatua hakuna kilichopatikana, alivuka hivyohivyo, mikono mitupu, kwenda kumwambia ana kwa ana kwamba hakuna.

Siku moja nilimkuta huko. Nilikuwa nimekwenda Nansio kutengeneza mtambo wa barafu wa mtu, nikapita kumwona mama. Mdhamini alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani, kofia mapajani. Mama Mdogo alikuwa anatoka kwa jirani ameshika sato mmoja kwa mkia na bakuli la unga wa muhogo kwenye mkono mwingine. Nilijua bila kuuliza kwamba vyote viwili vimekopwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umemwona mgeni wetu? Amevuka na mawimbi yale."

"Nimemwona. Shikamoo, mzee. Kuna habari gani za kodi?"

"Marahaba. Nimeshamweleza shemeji," alisema Mdhamini. "Mwezi huu mizani imesimama sifuri."

"Na mwezi uliopita?"

"Uliopita pia."

Mama Mdogo alikuwa ameshaingia jikoni. Tulisikia akipuliza kuni. Kwa watu wa kisiwani, mtu aliyevuka maji kuja kwako haondoki hajala, hata kama alichovuka nacho ni habari mbaya. Na mtu aliyewekewa chakula hakikatai, kwa sababu akikataa ni kama amesema mwenyeji ni mchawi. Kwa hiyo kila mwezi mwanamke asiye na unga alikopa unga ili ampikie mtu aliyekuja kumwambia hatapata unga. Naye Mdhamini alinawa, akamega, akala, akasifia mchuzi, akarudi melini kufumba macho.

Siku hiyo nilimngoja amalize kula, pale barazani. "Mzee, unajua sahani ile imetoka wapi?"

"Najua."

"Na unakula?"

"Ulitaka nimtukane? Tangu baba yako afe, siku ninayokuja mimi ndiyo siku pekee anayoitwa mke wa marehemu. Nikikataa ugali wake nitakuwa nimemnyang'anya na hiyo."

"Basi uza chumba kimoja umlipe."

Alinitazama kama anavyomtazama mkulima anayemwomba achezee mizani. "Wosia umesema kutokana na kodi, mwanangu. Haukusema kutokana na matofali."

Wapo watakaouliza kwa nini sikumlisha mimi. Nilimlisha. Nilituma magunia ya unga, nilituma bati, nilileta jokofu. Magunia na lile fungu la kila mwaka alivigawa kanisani, jokofu akamwazima muuza maji. "Wewe ni mwanangu, ukinipa nasema asante," aliniambia. "Ile nyingine siombi na wala sisemi asante. Ni mume wangu ananilisha. Nikila ya kwako nikaiacha ile, kaka yako atakuwa amesema kweli." Yeye na baba walikuwa wameoana kimila tu, kwa ng'ombe na mashahidi, na kaka alikuwa akitangaza hadi kwenye baa yake kwamba mzee hakuwa na mke, alikuwa na mpishi. Matunzo yale ndiyo yaliyokuwa cheti chake cha ndoa. Mwezi yalipokosekana, alikosa zaidi ya unga. Akauza upande wa shamba ulioshuka ziwani, kisha ule wa juu, ili aendelee kula cha kwake mwenyewe huku akingoja cha mumewe.

Nikaenda mahakamani kuomba nyumba ziuzwe alipwe. Watu wengi hapa husema watakwenda, mimi nilikwenda.

Mahakama ya kwanza tulishindwa. Hakimu alisoma wosia hadi kwenye maneno "kutokana na kodi" akasimama hapo. Alisema marehemu alichagua chanzo mwenyewe, chanzo kikikauka hakuna wa kulaumiwa, na nyumba ni za watoto. Kaka alininunulia soda nje ya mahakama, mbele ya watu. Sikuinywa. Nikakata rufaa.

Jaji aliyetusikiliza Mahakama Kuu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo, ukitaka kumsikia lazima uache kunong'ona. Wakili wa kaka alisema vizuri, simnyimi haki yake: marehemu angetaka nyumba ziuzwe angeandika ziuzwe, na zikiuzwa wanawe watabaki na nini? Jaji akamwachia amalize, na siku ya hukumu akasema kitu ambacho niliomba nakala yake nikakisoma mpaka nikakihifadhi. Alisema wosia haukatwi vipande kama nyama buchani, kila mtu akachukua mnofu wake. Unasomwa wote, kuanzia neno la juu mpaka sahihi, na swali ni moja tu, aliyeuandika alikusudia nini. Huyu aliandika maisha yake yote, hakuandika miaka yenye wapangaji. Aliandika asihangaike. Na kwa watoto hakuandika nyumba, aliandika kitakachobaki. Mtu anayesema kitakachobaki ameshakubali moyoni kwamba kuna kitakachotumika. Kodi ni mahali pa kuanzia kulipa. Ikipungua, mali yenyewe inabeba mzigo, na yale yaliyokosekana nyuma yanalipwa pia.

Lakini kabla ya hukumu Jaji alimwita Mdhamini kutoa ushahidi wa ziada, na huo ndio wakati ninaomkumbuka zaidi. Yeye aliyekuwa akiwaita mawakili madalali wa maneno alivaa suti mpya, ya kwanza kuiona mwilini mwake, na viatu vilivyopakwa rangi. Alisimama wima kama bwana harusi.

"Wewe uliuelewa vipi wosia huu?" aliuliza Jaji.

"Niliona kodi, mheshimiwa. Nikalipa kodi."

"Na neno asihangaike hukuliona?"

"Nililiona. Yale ni maneno ya mapenzi, mheshimiwa. Mtu na mkewe. Hayapimwi."

"Mahakama hii inayapima," alisema Jaji, na akaandika kitu.

Wakili wangu akataka kumwuliza Mdhamini kile marehemu alichosema siku wosia unaandikwa, kwa kuwa alikuwepo. Wakili wa kaka akasimama kupinga. Jaji akakubaliana naye: maandishi yanajitosheleza, hatutayaongezea maneno ya kukumbukwa na walio hai. Nilimwangalia Mdhamini wakati huo. Alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga polepole, mabega yakashuka, kama kuli aliyetuliwa gunia.

Hukumu ilitoka upande wetu. Nilivuka siku ileile kumpelekea habari mwenyewe. Mama Mdogo alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, mahali ambapo zamani ungeona michungwa na sasa unaona ukuta wa mtu mwingine. Nilimsomea yote, nikimfafanulia. Alisikiliza akichambua dagaa.

"Kwa hiyo mahakama imesema nilikuwa mke wake?"

"Imesema ulipwe maisha yako yote, mama. Hata nyumba ikiuzwa."

"Sikuuliza hela."

Nikarudi kwenye karatasi, nikatafuta. "Hapa wamesema, mke wa marehemu. Na hapa tena."

"Nionyeshe."

Hakujua kusoma. Aliweka kidole penye neno nililomwonyesha, akakiacha hapo muda, kidole kikiwa na magamba ya dagaa. Kisha akasema, "Sawa," akaendelea na kazi yake.

Kaka alizuia uuzaji kwa maombi haya na yale, mnunuzi akapatikana akatoroka, na Mdhamini mwenyewe kila alipotakiwa kutia sahihi ya kuuza aliumwa mguu. Alipotia, nyumba ya mwisho kwenye safu ikauzwa, deni la nyuma likalipwa, na matunzo yakaanza kwenda kila mwezi kama baba alivyotaka. Hayakwenda muda mrefu. Mama Mdogo aliugua kifua msimu wa mvua, tukamleta hospitali mjini, akafia huku, tukamrudisha kisiwani. Shamba lililokuwa lake tulilipita na jeneza tukiomba njia kwa mwenyewe mpya. Kilichobaki, mimi na kaka tuligawana. Kilikuwa kingi. Hilo ndilo linalonichoma: nyumba zile zingemlisha miaka yote ile ya njaa, zingebaki, na michungwa ingebaki.

Mdhamini alilia sana msibani. Sikumsogelea.

Mwaka huu mkewe alinipigia simu karakana. "Mzee anakuita, baba. Anasema uje na kalamu." Anaishi mlimani juu ya Mirongo, nyumba ya vyumba vinne iliyobanwa na mawe makubwa, viwili wanakaa, viwili wamepangisha. Nilimkuta kitandani, mguu umevimba, kifua kimekuwa chembamba. Kando yake alikaa katekista wa jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Nataka kuandika wosia, na wakili simtaki. Wewe umeihifadhi ile hukumu. Wewe ndiye unayejua mahakama inasoma vipi. Huyu katekista atakuwa shahidi mwenzako."

Ningeweza kuondoka. Nilikaa, kwa sababu nilitaka kusikia ataandika nini. Nikafungua karatasi juu ya kigoda, akaanza kusema taratibu, macho kwenye dari.

"Andika hivi. Nyumba hii mke wangu apangishe, ale kodi. Kodi ikikoma auze chumba kimoja. Kikiisha auze kingine. Auze bati, auze mawe, mpaka atakapokufa. Asikose unga. Watoto wangu wapate kitakachobaki, na kisipobaki wasimwulize."

Mkono wangu ulisimama. "Mzee, nani alikufundisha kusema hivi?"

"Baba yako."

"Baba yangu?"

"Siku tulipoandika wosia wake alisema hivyohivyo. Alisema huyu mwanamke asikose unga hata ikibidi uuze ukuta. Mimi nikamwambia, hayo usiyaandike, watoto watasema umewanyima. Andika kodi. Wakati ule kodi ilikuwa nyingi, nani angeiona ikiisha? Akanisikiliza."

Kutoka jikoni tulisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Mahakamani ulinyamaza," nilisema.

"Walinikataza. Ulikuwepo."

"Na miaka yote kabla ya mahakama? Nilipokuambia uza chumba, pale barazani?"

Ninaamini alinipa jibu la kweli, kwa sababu uongo hakuuweza.

"Haikuwa mali yangu. Cha mtu unakishika kama kilivyoandikwa, usije ukaambiwa umekigeuza. Hiki ni changu. Changu nampa nimpendaye ninavyotaka."

"Mama Mdogo alikuwa mtu, mzee. Hakuwa cha mtu."

"Andika, mwanangu," alisema. "Nisije nikachoka katikati."

Nikaandika. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, kila fungu na nambari yake, nikaweka maisha yake yote mahali pake, nikaweka kwamba kodi ni chanzo cha kwanza lakini si cha pekee, nikaweka kwamba akiba ya mwaka mzuri isigawanywe. Nikamsomea. Akatia sahihi, katekista akatia, nikatia na mimi, nikaandika chini ya jina langu kwamba nina stashahada.

Mkewe alinisindikiza mpaka mawe yanapoishia. Ni mama mwembamba, mpole, hajawahi kunikosea. "Watoto wangu ni wakali, unawajua," alisema. "Mahakama wataielewa kweli karatasi hii?"

"Wataielewa, mama. Hii hata mtoto wa shule ataielewa."

"Mungu akubariki, baba. Sasa nitalala usingizi."

Akarudi ndani. Mimi nilisimama kidogo pale njiani, na haikuwa kwa huruma. Nilikuwa nayapitia maandishi yale kichwani, mstari baada ya mstari, nikitafuta, tena kwa kutamani, sentensi moja mbovu ambayo huenda nimeiacha mle ndani kwa ajili ya Mama Mdogo. Sikuipata. Kazi yangu huwa safi.